Mpango maalumu wa uendelezaji: bwawa nalo ni eneo la wazi?

Mdau_Kanda: Wakuu, ombi liko mezani. Eneo ni ekari 10, na kanda inaruhusu nyumba 4 kwa ekari, yaani 40. Mwendelezaji anataka 56 kupitia mpango maalumu, yaani kuruhusiwa kuzidi kikomo cha kanda eneo likipangwa kwa pamoja na umma ukipata kitu; naye ataacha asilimia 30 wazi. Kwenye ramani, ekari hizo 3 ni bwawa la maji ya mvua na mteremko mkali. Tudai nini kabla ya kupitisha?

Kipimio: Mkuu, hiyo 40 yenyewe ikaguliwe kwanza. Someni kanuni zenu: msongamano, yaani idadi ya nyumba kwa ekari, unahesabiwa kwa ekari zote au zile zinazojengeka tu? Kama ni zinazojengeka, toa bwawa na mteremko ekari 3, toa barabara tuseme ekari 1.5. Zinabaki 5.5, mara 4 ni nyumba 22. Hapo nyongeza anayoomba si 16, ni 34! Achore mpango wa kawaida usio na upendeleo wowote, ndipo mlinganishe.

Bwawa atalichimba vyovyote vile, mifereji inamlazimu. Mteremko asingeujenga hata bure. Anawauzia kile ambacho hawezi kukinyima.

Mchora_Ramani: Naongezea hapo. New York mwaka 1961 waliwaruhusu wajenzi wa maghorofa, kwenye kanda zenye msongamano mkubwa, hadi futi 10 za mraba za sakafu ya ziada ndani ya jengo kwa kila futi moja ya mraba ya uwanja wa umma watakaouacha. Kanuni ilitaja ukubwa, haikutaja viti wala kivuli, basi wakapewa sakafu ya zege tupu mbele ya maghorofa. Viwango vya kukaa vilikazwa 1975, viwanja vingi vikiwa vimeshajengwa. Kwa hiyo msiandike "asilimia 30" peke yake. Andikeni upana wa chini, mteremko usiozidi kiasi gani, njia ya kufika toka barabarani, na nani atapalilia.

Mdau_Kanda: Asanteni. Kuna jirani mwenye robo ekari, naye kaomba mpango maalumu ajenge maduka.

Kibali_Kwanza: Huyo akataliwe. Zana hii ni ya eneo kubwa linalopangwa kwa pamoja. Bila ukubwa wa chini inageuka kubadili matumizi ya kiwanja kimoja kwa mlango wa nyuma.

Kwa zile ekari 10, kinachoumiza zaidi huja baada ya kura. Bustani huwekwa awamu ya mwisho, halafu awamu ya mwisho haifiki. Fungeni: nyumba ya 20 ikikamilika, hakuna kibali cha kuhamia nyingine yoyote mpaka bustani ikaguliwe, na dhamana ya benki izidi gharama yake. Masharti yasajiliwe kwenye hati ya ardhi, maana yakibaki kwenye muhtasari wa kikao mnunuzi mpya atasema hayamhusu. Pia fafanueni "badiliko dogo", lile ambalo afisa anaweza kulipitisha bila kikao. Likiachwa wazi, afisa ataongeza nyumba mbili leo, tatu kesho, akiwa mezani kwake bila kuwaita wananchi. Kuongeza nyumba hata moja, au kusogeza mpaka wa eneo la wazi, kurudi kikaoni.