Baba anakata pumzi akiwa usingizini na Jumanne anapasuliwa ngiri, usiku wodini nani atamwangalia?

BintiWaMzee
Habari za jioni ndugu zangu, naombeni ushauri maana kichwa hakijatulia kabisa. Baba ana miaka 58, kilo 118, ana presha, na anakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia. Kinachonitisha lakini sio kukoroma, ni ule ukimya. Anakoroma, ghafla kimya, nahesabu mpaka ishirini hivi, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mchana akikaa kwenye kochi dakika tano tu kashalala. Jumanne anapasuliwa ngiri, tumeambiwa nusu kaputi. Wameuliza presha, sukari, aleji, hakuna aliyeuliza mzee analalaje. Nyumbani akikata pumzi mama anamsukuma anageuka, kule ndugu tunatolewa saa 12 jioni, nani atamsukuma?

Mwana_Pangani
Pole dada, usinyamaze na hilo. Mama yangu mkubwa alitolewa mawe kwenye nyongo, jioni tukamkuta anakoroma, sisi wenyewe tukasema mwacheni apumzike, maumivu yamemchosha. Kumbe alikuwa kachomwa pethidini, ile dawa kali ya maumivu, muda si mrefu. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kiliwekwa mara moja kikahamia kwa mgonjwa mwingine, wodi nzima kilikuwa kimoja. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ndo alisema mbona mwenzangu simsikii. Nesi anamwita haitiki, midomo imeshabadilika rangi. Walimwahi kwa sindano akarudi, ila mpaka leo nikisikia mtu katoka thieta anakoroma siwezi kukaa.

Nesi wa Usingizi
Dada, mimi nafanya kazi hiyo ya kulaza watu thieta. Kwanza, mzee asisubiri Jumanne. Kesho nendeni mkamwone mtaalamu wa usingizi, yule anayelaza wagonjwa thieta, mama aende pia maana yeye ndo shahidi, baba mwenyewe atasema nalala vizuri tu. Kuna maswali 8 tunayatumia, yanaitwa STOP-Bang, yalitengenezwa Toronto, Kanada: anakoroma? anachoka mchana? kuna aliyemwona akikata pumzi? ana presha? uzito ukilinganisha na urefu (BMI) umevuka 35? umri umepita 50? shingo imepita sentimita 40? ni mwanaume? Kila ndiyo ni alama moja, kuanzia 3 tunakuwa macho, kuanzia 5 hatari ni kubwa. Mzee wako kwa ulivyoeleza ana 6 bila hata kupima shingo na urefu.

Nyumbani kinachomwokoa sio mama peke yake, ni ubongo wake, koo likiziba ubongo unashtuka na kumwamsha kidogo avute hewa. Sasa dawa za nusu kaputi, mofini, pethidini, na zile za kutuliza kama diazepam zinalegeza koo na huyo mlinzi naye zinamlaza. Kwa hiyo ulizeni kama ngiri inaweza kufanywa kwa sindano ya mgongo au ganzi ya eneo lile, na maumivu yatulizwe zaidi na paracetamol na diclofenac kama figo na tumbo havina shida. Ikiwa sindano ya mgongo itachanganywa na mofini waambieni wodini wajue, maana inaweza kupunguza pumzi kwa kuchelewa, hata ndani ya saa 24.

Wodini ombeni kitanda karibu na meza ya manesi, alale kichwa kimeinuliwa au kwa ubavu, asilale chali. Na kama kuna njia kipimo cha kidoleni kikae usiku kucha.

Fundi Athumani
Samahani nauliza kwa kutokujua, si wanamwekea oksijeni? Ikiwepo oksijeni tatizo linatoka wapi tena?

Nesi wa Usingizi
Swali zuri sana kaka, hapo ndo wengi tunapoteleza hata sisi. Kile kipimo kinasoma oksijeni kwenye damu, hakisomi kama mtu anapumua ya kutosha. Ukimwekea oksijeni namba inaweza kukaa 97 huku pumzi zimeshuka mpaka 6 kwa dakika, ile hewa chafu ya kaboni dayoksaidi inajaa mwilini na yenyewe inazidi kumlewesha, namba ikija kushuka umeshachelewa. Kuna mashine inayosoma hewa anayoitoa, hiyo inawahi, lakini wodi nyingi haimo. Kwa hiyo tumieni macho. Angalia kifua na tumbo, hesabu dakika nzima kwa saa, sio nusu dakika halafu unazidisha. Mtu mzima 12 mpaka 20. Ikishuka chini ya 10 ita nesi, ikiwa 8 au pungufu ita kwa sauti huku unamtikisa. Na mwite jina, akiguna tu bila kufungua macho, hiyo siyo kupumzika. Kwa mama mkubwa wa Mwana_Pangani nadhani walichoma naloksoni, dawa inayozima nguvu ya pethidini na mofini, nayo inaisha mapema, mara nyingi ndani ya saa moja au moja na nusu, pethidini bado imo, hivyo mtu aliyeamshwa nayo haachwi peke yake.

BintiWaMzee
Nimerudi jamani. Tulienda na mama, wakampima shingo sentimita 44. Wamebadilisha, sindano ya mgongo bila mofini, amefanyiwa jana salama. Matron alimruhusu kaka yangu abaki usiku, kila nusu saa anahesabu ananitumia meseji, 14, 15, 13. Saa 8 usiku alikata pumzi mara mbili, kaka akamgeuza ubavu ikatulia. Leo jioni tunatoka nae, wameandika tramadol ya kumeza, nayo ni hatari?

Nesi wa Usingizi
Alhamdulillah. Ndiyo, iko kwenye kundi la mofini na pethidini japo nguvu ni ndogo. Kabla hamjatoka muulizeni daktari kama paracetamol na diclofenac zinatosha. Bia na vidonge vya usingizi asiguse kabisa. Na msiache kuhesabu, usingizi mzito huwa unarudi usiku wa tatu hivi na ndo kukata pumzi kunaweza kuzidi. Kidonda kikipona mumpeleke kwa daktari wa koo na pua, hilo tatizo alikuwa nalo kabla ya ngiri.