Majirani wa Ng'ambo: barua ya chemchemi

Mwenyekiti: Assalam aleikum majirani wote wa Likoni. Barua imekuja! Mamlaka ya Rasilimali za Maji imetupa kibali cha chemchemi yetu. Alhamdulillahi. Kesho twafungua, kila nyumba ije na mitungi yake.

Mama Nasra: Mashaallah! Mfereji wangu wakoroma tu tangu wiki jana. Wauza maji wa mikokoteni wametumaliza.

Baba Juma: Hongera Mwenyekiti, hongera vijana. Dimbwi lililokuwa likinywewa na mbuzi, leo lina zege, ua, mfuniko na kufuli.

Bi Rukia wa Maabara: Mwenyekiti mwanangu, hongera kweli. Lakini nakuomba kesho usifungue maji ya kunywa. Isome tena hiyo barua. Ni kibali cha kuchota. Hakuna mahali imesema maji haya yanyweka.

Mwenyekiti: Bi Rukia, ina muhuri wa serikali.

Bi Rukia wa Maabara: Muhuri wa kazi yao. Wao waangalia mwachota kiasi gani na nani atakaukiwa. Mtu akiteremka na ndoo yake kuchota ya nyumbani, Sheria ya Maji ya 2016 haimdai kibali. Sisi tumeweka bomba na tangi, ndiyo maana tukaomba. Kunywa ni mlango mwingine. Afisa wa afya ya umma aje akague, maji yapimwe kwa kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya. Na siku tukitaka kuyasambaza majumbani kwa malipo, hapo kuna WASREB pia, bodi ya kusimamia huduma za maji.

Baba Juma: Si tulipima Februari? Karatasi niliiona kwa macho yangu, ilikuwa safi.

Bi Rukia wa Maabara: Februari ardhi ilikuwa kavu. Hakukuonekana E. coli, kijidudu cha kinyesi, hata mmoja katika mililita 100, na ndivyo inavyotakiwa. Tukapima tena Mei, masika yamepiga, wakaonekana. Karatasi zote mbili ninazo hapa. Mwamba wetu ni wa matumbawe, una nyufa na matundu. Mvua ikinyesha, maji ya vyoo vya shimo hayapati mchanga wa kuyachuja, yapita mbio kama yamo bombani. Watu husema choo kikae mita 30 kutoka chanzo cha maji. Kwenye mwamba wa nyufa hata hizo 30 hazitoshi kumlaza mtu usingizi. Juu ya chemchemi yetu nimehesabu vyoo saba.

Mama Nasra: Lakini si tutachemsha? Mimi maji ya watoto huchemsha siku zote.

Bi Rukia wa Maabara: Endelea mwanangu, vijidudu hufa. Ila kuna kemikali ziitwazo nitrati, hutoka vyooni humo humo, na moto hauziondoi. Maji yakipungua sufuriani zazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani lasema zisipite miligramu 50 kwa lita, na wanaoogopewa zaidi ni watoto wa chupa walio chini ya miezi sita. Damu yao hushindwa kubeba hewa, midomo ikawa ya samawati. Sisi tumepima vijidudu peke yake. Nitrati hatujapima. Mjukuu wako ana miezi mingapi?

Mama Nasra: Mitatu.

Mama Nasra: Ya Rabbi.

Kijana wa Mtaro: Bi Rukia, kwa hivyo tumebeba kokoto mabegani bure?

Bi Rukia wa Maabara: Hasha! Ule mtaro wa juu ndio wazuia maji ya mvua yasiingie kwenye jicho la chemchemi. Bila kazi yenu afisa angegeuka njiani. Kilichobaki ni dawa ya klorini, na mtu mmoja wa kuipima mferejini kila siku na kuandika daftarini. Ikifika mferejini ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.

Ustadh: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yatupa haki ya maji safi na salama, tena ya kutosha. Tusikubali kupewa nusu yake, wala sisi wenyewe tusiwape wenzetu nusu.

Mwenyekiti: Nimeelewa, Bi Rukia. Nilifurahi nikakimbilia simu. Kesho nafungua kwa kufua na kuosha tu, na kibao nakiandika usiku huu kwa rangi nyekundu. Sampuli je?

Bi Rukia wa Maabara: Chupa nitatoa mimi, za maabara, si za soda. Zikae kwenye barafu na zifike ndani ya saa sita. Foleni ya feri mwaijua.

Kijana wa Mtaro: Navuka na feri ya alfajiri. Nina pikipiki.

Baba Juma: Kasha la barafu ninalo, nitaliosha leo.

Mama Nasra: Bi Rukia, mie nilishateka mtungi mmoja wa chemchemi wakati wa magharibi. Uko jikoni.

Bi Rukia wa Maabara: Umempa mtoto?

Mama Nasra: Bado.

Bi Rukia wa Maabara: Ufulie nguo. Nina akiba ya mfereji, nakuletea sasa hivi. Nifungulie mlango wa nyuma.