Kueleza nyuso za vinyago kwa Kiingereza: nimekosea wapi?

Mpwa wa Mchongaji, Mtwara
Ndugu zangu, salaam. Ninamsaidia mjomba wangu, mchongaji wa mpingo, kuandika maelezo mafupi ya Kiingereza yanayowekwa kando ya kila kinyago. Mgeni mmoja kutoka Marekani alisoma mahali nilipoandika "frown" kwa maana ya kukunja ndita, akakitazama kinyago, kisha akauliza mbona mdomo wake umenyooka tu. Mwingine alicheka alipoona nimeandika "pouting" kwa bibi mwenye ndonya, lile pambo linalopachikwa mdomoni. Maneno yote mawili nimeyatoa kwenye kamusi. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Kiingereza, Lindi
Kwenye "frown" hukukosea. Waingereza hulitumia kwa nyusi zilizosogeleana na paji lililoingia mikunjo, yaani ndita zetu hizi, ilhali Wamarekani wengi wakilisikia hufikiria pembe za mdomo zilizoshuka. Ukitaka wote wakuelewe, taja kiungo chenyewe: "with knitted brows". Neno "scowl" usiliguse mpaka uwe na hakika kwamba mwenye uso ana hasira, kwa kuwa mtu hukunja ndita hata kwa kuwaza au kwa kupigwa na jua la machoni.

Angalia na meno. "Grin" ni kutabasamu hadi meno yaonekane, na mara nyingi halina ubaya tunaousikia sisi tukiambiwa tunakenua; "smirk" ni tabasamu la mtu aliyejiona, na "sneer" lina dharau ndani yake. Niliwahi kusahihisha insha ambayo bibi harusi alifanya "smirk" tangu asubuhi hadi jioni, nikamhurumia bwana harusi.

Mjukuu wa Newala
Mimi nitasema juu ya ndonya tu. "Pout" ni kubetua midomo kwa kununa au kwa kudeka, jambo ambalo mtu hulifanya kisha akaliacha. Ndonya ilivaliwa kwenye mdomo wa juu, nao mdomo ulijitokeza hata bibi akiwa anacheka, kwa hiyo ukiandika "pouting" umempa kisirani asichokuwa nacho. Andika "wearing a lip plug", halafu hali yake itafute machoni na mashavuni. Na chale za usoni usiziite makunyanzi, kwa maana zilichanjwa ziwe pambo.

Mpwa wa Mchongaji, Mtwara
Ahsanteni sana. Mwalimu, shikamoo, nisaidie na kimoja kilichobaki, mzee anayesonya.

Mwalimu wa Kiingereza, Lindi
Marahaba. Andika "sucking his teeth". Watu wa visiwa vya Karibi wataelewa mara moja, maana nao husonya kama sisi, lakini Mwingereza anaweza kudhani mzee anatoa nyama iliyonasa kwenye meno, kwa hiyo ongeza "in contempt". Hapo neno la hisia unaruhusiwa kuliandika, kwa sababu mjomba wako mwenyewe ndiye aliyekuambia kwamba mzee anasonya.