Tuanzie wapi kuishinikiza serikali ipunguze gesijoto?

Mwalimu wa Mlimani

Ndugu wasomaji, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari upande wa Rwenzori, na pamoja na walimu wenzangu na wazazi tumeunda kikundi cha watu wapatao arobaini, ambao tumechoka kuona mito inayoshuka kutoka mlimani ikisomba mashamba na madaraja. Tunataka serikali ichukue hatua za kweli za kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia, lakini tumegawanyika juu ya njia. Vijana wanataka twende Kampala na mabango. Wazee wanasema tuandike barua. Barua tumekwisha kuandika. Ofisi moja ya umma iliipokea mwaka jana, na nilipokwenda kuulizia, karani alifungua kabati, akapekua mafaili mawili, akaniambia nirudi Jumatatu. Nimerudi Jumatatu tatu. Tena yuko mzazi mmoja ambaye kila kikao hutuuliza jambo ambalo sijapata jibu lake: ikiwa Uganda inatoa sehemu ndogo mno ya gesijoto za dunia, serikali yetu tunaitaka ipunguze nini?

Wakili Mstaafu, Bombo

Mwalimu, barua yenu iliomba nini hasa? Nauliza kwa sababu barua nyingi za namna hiyo huiomba serikali "iyaokoe mazingira", na ombi kama hilo afisa anaweza kulikubali asubuhi na kulisahau jioni bila kuvunja sheria yoyote. Afadhali muishike serikali kwa maneno yake yenyewe. Mwaka 2022 iliahidi kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesijoto kwa asilimia 24.7, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 iliupa Mkataba wa Paris, yaani makubaliano ya mataifa ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, nguvu ya kisheria hapa nchini, na inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu dhidi ya serikali, au hata dhidi ya kampuni, ikiwa kitendo chake au uzembe wake unahatarisha juhudi za kukabiliana na mabadiliko hayo.

Mahakama, hata hivyo, iwe kimbilio la mwisho. Kesi ya tabianchi iliyofunguliwa Kampala mwaka 2012 kwa niaba ya watoto ilikaa miaka mingi bila kuamuliwa. Mtoto aliyekuwa na miaka minane siku ile leo ni mtu mzima.

Angalieni kalenda ya bajeti badala yake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini waraka unaoweka mfumo wa bajeti hufika Bungeni kabla Desemba haijaisha, na wilaya hufanya mikutano yao ya bajeti mapema zaidi, kwa hiyo anayekuja na ombi lake mwezi wa Mei hukuta mafungu yamekwisha kugawanywa. Na kuhusu ile barua iliyopotea kabatini, iandikeni upya kama ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, ambayo humpa afisa siku 21 za kujibu. Pelekeni nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe, na msiondoke dirishani bila hiyo nakala.

Mama Duka, Mukono

Mimi si msomi wa sheria kama Mzee wetu wa Bombo, lakini mwaka 2007 nilikuwa na duka, na nakumbuka serikali ilipotaka kuipa kampuni moja ya sukari takriban hekta 7,100 za msitu wa Mabira zilimwe miwa. Watu walitumiana ujumbe wa simu kwamba sukari ya kampuni ile isinunuliwe, na kwangu pakiti zilikaa rafuni mpaka zikashika vumbi. Mteja alikuwa anageuza pakiti, anasoma jina, anairudisha. Maandamano ya Aprili yalichafuka Kampala, watu wakauawa, jambo ambalo sitaki lirudi. Hata hivyo, baadaye mwaka ule mpango uliwekwa kando. Kila mtu alijua ni msitu gani na ni hekta ngapi. Vijana wako, Mwalimu, wakiulizwa barabarani wanataka nini, watajibu nini? Na wasisahau kuwaarifu polisi kwa maandishi. Mahakama ya Katiba ilikibatilisha mwaka 2020 kifungu kilichowapa polisi mamlaka ya kuzuia mikutano, lakini waliopinga bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga wamekamatwa mara nyingi tu.

Fundi Jiko, Tororo

Nauza majiko, kwa hiyo nisikilizeni kwa tahadhari. Yule mzazi anauliza vizuri, na jibu lake lisitafutwe kwenye viwanda, kwa sababu sehemu kubwa ya gesijoto zetu hutokana na kilimo, mifugo na misitu inayokatwa. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya ardhi ya Uganda. Kufikia 2015 ilibaki karibu asilimia 9, huku zaidi ya kaya tisa katika kila kumi zikipikia kuni au makaa. Mwaka 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini, lakini amri haimpi mpishi kitu kingine cha kuwasha. Wakati huohuo bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa Septemba 2024. Umeme upo, bei yake ndiyo inayomfukuza mama lishe.

Mwalimu, ingia jikoni mwa shule yako saa nne asubuhi. Kama posho, yaani ugali, inapikwa juu ya mawe matatu, utaona moto mwingi ukipitia pembeni mwa sufuria na mpishi akigeuza uso machozi yakimtoka.

Mwalimu wa Mlimani

Nimeingia, Fundi, na ni mawe matatu kweli. Daftari la bohari linaonyesha malori manne ya kuni kwa muhula mmoja. Kikao cha Jumapili kimekubali tuombe fungu la majiko banifu kwa shule zote za serikali wilayani, na kila shule itatoa hesabu yake ya malori kabla ya mkutano wa bajeti. Vijana wamekubali kungoja majibu, ila mabango wamekwisha kuyachora. Mzee Wakili, muhuri nigongewe na karani yuleyule?

Wakili Mstaafu, Bombo

Hapana. Nenda masjala.