Tupeane uzoefu: uliachaje kujichukia baada ya maisha kukupiga?

Mzee wa Charambe (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Juzi nimekaa kwenye kibanda cha chipsi hapa Rangi Tatu, dogo anayekaanga kateleza na trei ya mayai. Yote thelathini chini. Bosi wake hayupo, hakuna aliyemgombeza, wateja tumeanza hata kucheka kidogo. Dogo kachuchumaa pale pale, anajipiga makofi ya utosi: "Mjinga mimi. Mjinga mimi. Ndiyo maana."

Hiyo "ndiyo maana" ikanimaliza, hata chipsi zikanishinda. Mimi naijua. Nimeisema miaka mitatu, tangu mama watoto aondoke, na juu yake hela za kikoba nilichokuwa mweka hazina zikaliwa na mtu niliyemwamini. Nilikuwa naamka saa tisa usiku najitukana matusi ambayo mtu mwingine akinitukana tunagawana majengo ya serikali, mmoja hospitali, mwingine jela.

Nataka kusikia wengine. Si mahubiri. Wewe binafsi ulitokaje?

Kiti cha Mbele
Navuta kiti. Leo sibanduki.

Kidoti wa Pangani
Mleta mada umenirudisha Februari 2013. Wa kidato cha nne 2012 wenzangu mpo? Watahiniwa zaidi ya laki mbili tumepata sifuri, bungeni kelele, redioni kelele, lakini nyumbani kwetu sifuri ilikuwa moja tu, ya kwangu.

Baba hakunipiga. Heri angenipiga. Alibeba madaftari yangu yote akampa mama awe anafungia maandazi. Kesho yake asubuhi niko barazani nauza, karatasi ya kwanza kumfungia mteja ni ya Baiolojia. Mchoro wangu wa moyo, nimeupaka rangi, na kalamu nyekundu ya mwalimu pembeni: "Vizuri sana." Nikaweka maandazi matatu juu yake, mafuta yakalowa, nikapokea hela. Sikulia. Nilijiambia tu unastahili, na nikaendelea kujiambia hivyo miaka kama minane.

Baadaye nikapata simu ya kupangusa. Namba yangu mwenyewe nikaisevu "Mpumbavu", nikawa najitumia orodha ya vitu vya dukani. Nilidhani ni utani. Siku moja mwanangu, ndiyo kwanza anaunganisha silabi, kashika simu: m-pu-mba-vu. "Mama, huyu mpumbavu ni nani, mbona anakutumia unga na chumvi?"

Nikaibadilisha hapo hapo. Nikaandika Kidoti, jina alilokuwa akiniita bibi. Nisiwadanganye kwamba nilipona siku ile. Ila jaribuni kuandika "Kidoti, usisahau dawa", halafu mlinganishe na lile la kwanza.

Mama Wawili
"Mbona anakutumia unga na chumvi" 😭😭 Nimelia ndani ya mwendokasi, watu wananiangalia.

Rekodi Sawa
Pole dada Kidoti. Ila tuweke sawa, yale matokeo serikali iliyafuta Mei 2013, yakachakatwa upya na ufaulu ukapanda.

Kidoti wa Pangani
Yakachakatwa upya, nikabaki na sifuri yangu ile ile. Asante kwa kunikumbusha, kaka.

Rekodi Sawa
Sikuwa na nia mbaya. Wanaosoma wasije wakadhani yalibaki vile.

Kiti cha Mbele
Mkuu, watu tuko makaburini wewe unasahihisha tarehe ya kuzaliwa kwenye msalaba.

Mtumishi Mnyenyekevu
Wapendwa, hii ni roho ya kukataliwa, inatembea kwenye koo. Kujipenda ni lugha ya dunia. Anayetaka kufunguliwa anifuate pembeni.

Mama Wawili
Mafuta chupa shilingi ngapi leo, mtumishi?

Mtumishi Mnyenyekevu
Ya sadaka, dada. Unavyoguswa moyoni.

Mzee wa Charambe
Nilisema si mahubiri jamani. Mimi mwenyewe nasali na sala ilinisaidia sana, hilo sikatai. Ila kilichokuwa kinanifanya nijichukie zaidi ni kuambiwa nina pepo. Yaani tayari najiona takataka, halafu naambiwa ni takataka yenye mpangaji.

Kidole Kimoja
Takataka yenye mpangaji 😂 nimecheka kama mazuri.

Boda wa Msamvu
Sijawahi kuandika hili popote. Nasoma tu humu, leo niache niandike.

Mwaka 2014 nilikuwa naendesha boda hapa Moro, kijiwe cha Msamvu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka kumi na sita. Jioni nimempitia nimrudishe nyumbani Kihonda, tayari yuko nyuma yangu na begi lake. Akatokea abiria mmoja, naye Kihonda, anatoa buku. Nikamwambia dogo sogea, tukapiga mshikaki. Dogo akasema, "Kaka, tutabanana." Nikamjibu, "Buku hiyo."

Kenta lilikuwa limebeba matenga ya nyanya. Sitaeleza lilivyotokea. Nakumbuka tu lami yote imekuwa nyekundu, na kwa muda sikujua ipi ni nyanya. Abiria aliangukia mtaroni, akainuka, akajipangusa suruali, akaondoka zake. Hata ile buku sikuipata.

Dogo wakampeleka hospitali, baadaye MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Mguu wa kulia, chini ya goti.

Naendelea, kuna mteja ananisubiri.

Kiti cha Mbele
MTEJA GANI??? Rudi hapa!

Mama Wawili
Jamani huyu kaka. Tunakusubiri, nenda taratibu barabarani.

Kidole Kimoja
Mimi nanusa chai. Mtu anakata stori patamu kama tamthilia ya saa tatu. Matenga ya nyanya kabisa.

Kidoti wa Pangani
Wewe ukikaa hapo kunusa, wenzio tunasoma. Nyanya za Mgeta zinapita wapi kama si Moro?

Kidole Kimoja
Dada usinipandishie sauti. Nimetoa maoni. Na niseme ukweli mwingine ambao hamtaupenda: mwanaume kazi yake ni kusonga mbele. Umekosea, umeteleza, piga kazi, funga mdomo. Haya ya kujihurumia ndiyo yanazalisha wanaume legelege.

Mzee wa Charambe
Nilipiga kazi nikafunga mdomo miaka mitatu, kijana. Matokeo yake vidonda vya tumbo na watoto wananiogopa. Legelege ningekuwa tangu mwanzo ningeokoa hela ya dawa.

Mwalimu wa Zamu
Niongeze kidogo. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, yuko Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, ambaye mwaka 2003 aliandika kuhusu hili jambo la mtu kuwa mpole kwa nafsi yake. Aliligawa sehemu tatu: ujitendee kwa upole badala ya kujihukumu, ukumbuke kukosea na kuumia ni kwa kila binadamu, na uyatazame maumivu yako bila kuyakuza wala kuyafukia. Anatofautisha hilo na kujionea huruma, kwa sababu anayejionea huruma anajiona yuko peke yake duniani. Nilipolipata hili nilikuwa nimeachishwa kazi. Nikaanza kujiuliza, angekuwa mwanafunzi wangu kakosa hivi ningemwambiaje? Kwa kweli nisingemwambia hata robo ya niliyokuwa najiambia.

Kiti cha Mbele
Mwalimu, bibi yangu Handeni alikuwa nayo yote hayo bila kufika Texas. Ukivunja chungu anakuuliza "Umekatika?" kabla ya kuuliza chungu.

Mwalimu wa Zamu
Bibi yako angepewa uprofesa.

Rekodi Sawa
Tunaokosea tuna bibi wa aina mbili. Wa kwangu angeuliza chungu.

Nyali Usiku
Mimi wa Mombasa, nawasoma tu. Nilifika mahali nikawa sitaki tena kuwepo duniani, na hata kumwambia mtu nikaogopa, maana nilijua kujaribu ni kesi. Januari 2025 Mahakama Kuu huku Kenya ilisema kile kifungu cha 226 cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua hakiendani na Katiba. Nilisoma habari ile nikakaa chini. Sikuwa na kesi yoyote, lakini niliona kama kuna mtu amenifungulia dirisha. Wiki hiyo ndiyo nilimwambia dada yangu, naye hakusema neno, alikuja na godoro akalala chumbani kwangu siku tisa.

Mama Wawili
Dada wa godoro Mungu ambariki. Na anayesoma hapa akiwa hapo ulipokuwa wewe, amwambie mtu leo, asingoje kesho. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Mimi nilianzia huko, nikakuta foleni ya watu wa kawaida kabisa, mmoja alikuwa mwalimu wangu wa Hisabati. Tukasalimiana kama tumekutana sokoni.

Kidole Kimoja
Yaani niende wodi ya vichaa kwa sababu demu kaniacha?

Mama Wawili
Kumbe kakuacha.

Kiti cha Mbele
😂😂😂 Umejitaja mwenyewe mkuu!

Kidole Kimoja
Tuendelee na mada.

Mama Wawili
Mada ndiyo hiyo. Pole. Kwa kuanzia acha kuchungulia mambo yake WhatsApp. Mimi nilizima kabisa miezi miwili.

Rekodi Sawa
Mimi nasema asizime. Angalia mpaka uchoke, siku moja utaona anapost ugali na wewe unasikia njaa tu.

Mzee wa Charambe
Fuga kuku. Sitanii. Kuku hajali uliachwa na nani, saa kumi na mbili anataka pumba.

Kidoti wa Pangani
Kuku wangu walikufa wote kwa kideri nikajichukia upya. Anza na mchicha.

Boda wa Msamvu
Nimerudi. Anayesema chai anywe, sina shida.

Miaka tisa sikupanda pikipiki yenye abiria wawili, hilo sawa. Ila na mengine nilijinyima. Sikuoa. Nilipata mtu mzuri, nikamfukuza. Nyanya sili, mpaka leo mama akipika ananitengea ya pembeni. Kila mwisho wa mwezi nampelekea dogo hela, nakaa mbele yake nusu saa nikiangalia chini, naondoka. Nilijiona mtu aliyeuza mguu wa mdogo wake kwa buku.

Dogo sasa ni fundi simu, ana meza yake na kioo cha kukuzia, wateja wanapanga foleni. Mwaka juzi nimeenda kama kawaida, nimekaa, nimeinamisha kichwa. Akaweka chini ile bisibisi ndogo. Akasema:

"Kaka, hivi mguu nilikatwa mimi au wewe? Kila mwezi unakuja na sura ya msibani, wateja wanadhani nadaiwa. Mimi sijafa. Nilikukasirikia mwaka mzima, nikamaliza, hukuniuliza tu. Ukija tena, hela acha. Njoo na mchele, tupike, tuangalie mpira."

Nikataka kulia, akaniambia, "Na usilie hapa, kuna mtu kaacha simu wazi, maji yataingia."

Bado kuna usiku nasikia "Kaka, tutabanana." Tofauti ni kwamba siku hizi nikiisikia naamka, nakunywa maji, najisemea ulikuwa na miaka ishirini na moja, ulikuwa na njaa, na ulikosea. Yote matatu. Zamani nilikuwa nataja hilo la mwisho tu.

Mwalimu wa Zamu
Nimesoma mara mbili. Sina cha kuongeza.

Kidoti wa Pangani
Yote matatu. Nimeiandika, nimejitumia.

Kidole Kimoja
Boda, nifute ile ya chai. Samahani kaka.

Boda wa Msamvu
Hamna shida mkuu. Pole na wewe kwa huyo dada.

Mama Wawili
Sasa mchele ulipeleka?

Boda wa Msamvu
Kilo kumi. Niliambiwa ni wa Kyela. Dogo kaupika, kaonja, kasema kaka umeuziwa kanyaboya.

Kiti cha Mbele
Huyo dogo kijiwe chake kipo upande gani hapo Moro? Simu yangu haiingizi chaji tangu Jumanne.