Naomba ushauri: nataka kuwapeleka wanangu kuwinda kanga kwenye shamba la ukoo, Itigi

Baba Wawili
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina watoto wawili wa kiume, mmoja ana miaka 11 na mwingine 8, wote wamezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na kwao ndege wa kuliwa ni kuku wa kisasa aliyekwisha kunyonyolewa na kugandishwa. Likizo hii ya Desemba nimepanga kwenda nao Itigi, kwenye shamba la ukoo la ekari 40 linalopakana na vichaka, ili baba yangu mdogo atutembeze tukawinde kanga, kwale na sungura kama nilivyofanya mimi nilipokuwa na umri wao. Nakumbuka makundi ya kanga thelathini au zaidi yakiokota punje chini ya mabua ya mtama, umande haujakauka, na marehemu baba akinibonyeza bega kwa kidole kimoja ili nisipumue kwa nguvu. Natamani watoto wayaone hayo. Ninachoomba ni ushauri mmoja tu: je, mtoto wa miaka 8 ni mdogo mno kushuhudia mnyama akichinjwa? Mama yao ana wasiwasi, nami siku hizi usingizi hauji.

Mama Asali
Umri si tatizo, baba. Sisi tukiwa na miaka saba tulikuwa tunapandishwa dunguni kuamia ndege kwenye mashamba ya uwele, tangu alfajiri hadi jua linazama, na kweleakwelea walipoteremka kama wingu hapakuwa na mtu mzima aliyetuuliza kama tuko tayari. Silaha zetu zilikuwa kombeo la katani, kopo lenye kokoto na koo. Kaka yangu alikuwa akichemsha utomvu mpaka uwe ulimbo, anaupaka kwenye vijiti karibu na maji, halafu mimi ndiye niliyetumwa kubandua ndege mmoja mmoja. Manyoya yalikuwa yananiganda vidoleni hadi usiku, na ugali nikaula nayo hivyo hivyo.

Mpiga Manati
Mkuu, niliposoma kichwa cha habari nikadhani unamtafutia mama yao kanga, nikataka kukuelekeza Kariakoo, ambako huuzwa kwa doti, zina jina lake chini, na hazikimbii.

Mwalimu wa Zamu
Mimi ningependa tujiulize kwa nini mzazi wa leo anaona kwamba uanaume wa mtoto unapatikana kwa kuua kiumbe. Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na watoto wanaotupia mawe njiwa wakati wa mapumziko ndio hao hao wanaowasumbua wenzao darasani. Mnunulie kila mmoja kifaranga, amlishe, amfungie jioni, ndipo baadaye umwulize kama bado anataka kuwinda.

Askari Mstaafu
Ndugu mleta mada, umeuliza kuhusu umri na umejibiwa vya kutosha. Hata hivyo hukusema mtawinda kwa kutumia nini. Ni mbwa, ni mitego, ni manati, au ni silaha ya moto? Na kama ni silaha, leseni yake ina jina la nani?

Baba Wawili
Mzee wangu, shikamoo. Tutatumia vifaa vya kawaida tu vya pale nyumbani.

Askari Mstaafu
Marahaba. Vifaa vya kawaida vya nyumbani ni kinu na mwiko. Kitaje.

Baba Wawili
Basi niseme. Kuna gobole la marehemu baba, ambalo baba mdogo alilihifadhi nyuma ya kihenge. Halina leseni, kwa sababu lilitengenezwa na mhunzi wa pale kijijini kabla sijazaliwa, na enzi hizo hakuna aliyekuja kuuliza. Naomba nisieleweke vibaya: halijawahi kumdhuru mtu, watoto hawataligusa, na nitawaweka hatua kumi nyuma yangu. Zaidi ya hayo, ardhi ni yetu, na kanga hao wanakula mtama wetu. Tiketi za basi la Ijumaa nimekwisha kulipia, pamoja na viatu vya mvua vya watoto, na kwa kweli sioni ni vipi mtu aitwe jangili ndani ya shamba la baba yake.

Askari Mstaafu
Ataitwa, na nitakueleza sababu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Shamba ni lako, mtama ni wako, lakini kanga anayeokota punje zako si wako mpaka uwe na kibali, na kama anakuharibia mazao unakwenda kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri yako. Manyoya na nyama utakavyokutwa navyo jikoni huitwa nyara za serikali. Wengi mnakumbuka kesi ya Iringa ya mwaka 2023, ambapo vipande 12 vya nyama ya swala vilizaa kifungo cha miaka 22, kabla ya Mahakama Kuu kukitengua. Isitoshe, huko kwenu kuna mapori ya akiba ya Kizigo na Muhesi, kwa hiyo mlio wa gobole hauwi siri hata kidogo.

Sasa tuje kwenye hizo hatua kumi zako. Mtutu wa gobole mara nyingi ni bomba la maji au chuma chochote ambacho mhunzi alikipata, na hakuna aliyekipima kama kitahimili mlipuko. Baruti ikizidi kidogo, au kutu ikiwa imeula mtutu kwa ndani baada ya miaka yote hiyo nyuma ya kihenge, linapasukia upande wa anayelishika. Nimewahi kumsindikiza hospitali mtu mzima ambaye kidole gumba chake tulikifunga kwenye leso na kwenda nacho. Jeshi la Polisi limekuwa likitoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari, kama kile cha mwaka 2022. Zungumza na baba yako mdogo kuhusu jambo hilo kabla hujazungumza na watoto kuhusu kanga.

Jirani wa Voi
Huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na babangu aliyekuwa hodari wa mitego alimaliza maisha yake akitusimulia tu. Alikuwa akitegea hata kuku wa mama ili mkono usisahau, na mama hakulifurahia hilo.

Mkazi wa Pennsylvania
Huku Marekani nilipo, mtoto huanza kukata leseni yake akiwa na miaka 12, baada ya kuhitimu mafunzo ya usalama, na shambani huvaa rangi ya machungwa inayoonekana kutoka mbali. Mwanangu alikwenda na jirani yetu kuwinda kindi, akarudi bila kitu, akiwa amefurahi kupita kiasi kwa sababu alinyweshwa kahawa.

Kalamu Nyeusi
Naomba radhi kwa wote, lakini uzi huu ni wa kutunga, ni chai, tena chai iliyopoa. Mimi nimezaliwa Manyoni, jirani na Itigi. Desemba watu wanapanda, na mabua ya mtama yalikwisha kuliwa na ng'ombe tangu kiangazi. Makundi ya kanga thelathini ni ya kiangazi. Mvua zikishaanza wanatengana wawili wawili kutafuta pa kutagia kwenye nyasi, na aliyekulia huko analijua hilo bila kufundishwa. Halafu mleta mada amewanunulia watoto viatu vya mvua huku akitegemea baruti ya gobole iwake asubuhi yenye unyevu. Mtu huyu hajawahi kuwinda hata panya buku.

Mpiga Manati
Nilikuwa nimekwisha kuchukua kikombe, nasubiri maandazi.

Mama Asali
Hata kama ni chai, dungu langu lilikuwa la kweli, na alama ya kombeo ninayo kiganjani.

Mwalimu wa Zamu
Ikiwa ni ya kutunga, basi mtunzi ameonyesha vizuri jinsi akina baba wanavyojidanganya, na hoja yangu ya kifaranga inabaki pale pale.

Baba Wawili
Si chai. Ndugu Kalamu Nyeusi, umesema kweli kuhusu Desemba, nami nimeona aibu. Nilihamishiwa kwa shangazi Dar nikiwa na miaka 9, na baada ya hapo nilikuwa nakwenda Itigi likizo za Juni tu, ndiyo maana kanga wa kumbukumbu zangu wote wako kwenye mabua. Baba aliniahidi kunifundisha kulenga nitakapofikisha miaka 12, akafariki nikiwa na 11. Huyu mkubwa wangu amefikisha 11 mwezi uliopita. Sikuona umuhimu wa kuliandika hilo.

Askari Mstaafu
Umuhimu ulikuwepo. Pole sana, mwanangu. Ila hata hiyo Juni ni kabla ya msimu, maana uwindaji hufunguliwa Julai 1.

Baba Wawili
Nimempigia simu baba mdogo sasa hivi. Amecheka mpaka akakohoa. Anasema vichaka vya upande wa mashariki vilikatwa kwa ajili ya mkaa, na kanga pekee anaowaona ni wale wanaofugwa na jirani yake, ambao huingia mpaka jikoni kuokota pumba na kumpigia kelele akiwafukuza. Kuhusu gobole, alilipeleka kituoni kwenye ule msamaha wa 2022, akapokewa bila maswali mengi. Hakuniambia kwa sababu, kwa maneno yake, kila nikipiga simu nilikuwa nauliza hali ya gobole kabla ya kuuliza hali ya bibi. Tiketi sizirudishi. Watoto nimewaambia kwamba kanga wapo, ila wana mwenyewe.

Kalamu Nyeusi
Hiyo ya kanga kuingia jikoni naisadiki, maana hata kwetu ndivyo wanavyofanya. Mwulize huyo jirani kama anauza mayai, ukaatamishie kuku wa kienyeji. Huchukua siku 26 hadi 28, na kuku mwenyewe hashtuki mpaka siku vifaranga vinapoanza kumkimbia.

Baba Wawili
Mdogo amesikia habari ya mayai, na sasa anauliza kama yanaweza kusafiri kwa basi kutoka Itigi hadi Dar bila kuvunjika. Kuna aliyewahi kujaribu?

Mama Asali
Yapange ndani ya ndoo yenye pumba za mpunga, yasigusane, na ndoo uipakate mwenyewe. Usimpe kondakta.