Tupeane uzoefu: adapta ya waifai ya USB kwenye Linux, wewe ulitoboaje?

Kokoto la Mtoni

Wakuu habari za mchana. Kila baada ya siku mbili tatu lazima aje mtu na swali lilelile, nimepiga Ubuntu (aina mojawapo ya Linux, mfumo unaokaa badala ya Windows) laptopu imekuwa nyepesi balaa ila waifai haipo, nimenunua ya USB nayo haisomi, halafu anarushiwa malinki ya kizungu wakati kaanza Linux juzi na intaneti yenyewe hana. Sasa humu kila mwenye kisa chake atiririke, sema ndani ya kadude chako kuna chipu gani, mashine ilikuwa inakwambia nini na ulitokaje. Jina la kwenye boksi sio ishu sana, mtaona wenyewe kwanini.

Naanza mimi. Laptopu yangu ni used ya Kariakoo, kadi ya waifai ya ndani ilishakufa kabla haijafika kwangu. Nikapiga Linux Mint 21 nikachukua adapta ndogo kama kucha kwenye fremu moja pale Aggrey, haina jina lolote imeandikwa tu 802.11ac. Nikichomeka hakuna waifai, badala yake kwenye desktopu inatokea CD! Ukiifungua ndani kuna setup ya Windows. Nikaandika lsusb (amri ya kuorodhesha vitu vilivyochomekwa kwenye USB) kwenye terminali nikaona ID 0bda:1a2b, hiyo 0bda ni namba ya Realtek, na 1a2b maana yake kadude kanajifanya CD ili mtu wa Windows apate draiva humohumo. Wale tuliotumia modemu za 3G zile za kuchomeka mnaukumbuka huu mchezo, zilikuwa hivohivo, na programu ya usb_modeswitch ilitengenezwa kwa ajili yake hasa.

Nikapiga hii:

sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b

CD ikapotea, nikarudia lsusb namba imebadilika imekuwa 0bda:c811, yaani RTL8821CU. Ila bado waifai hakuna, kwa sababu kerneli yangu (kile kiini cha Linux chenye draiva) ilikuwa 5.15 na draiva za Realtek zinazoitwa rtw88 kwa upande wa USB zimeingia kwenye kerneli kuanzia 6.2, mwaka 2023. Basi nikachomeka simu kwa waya wa chaji, kwenye menyu ya hotspoti nikawasha USB tethering, Linux ikaipokea bila kuomba kitu chochote kama vile nimechomeka kebo ya mtandao. Nikaenda Update Manager, View, Linux Kernels, nikashusha 6.8, nikarestati, waifai hii hapa. Kushusha kerneli kunakula zaidi ya MB 100 kwahiyo andaa bando kabisa.

Karibuni.

Msee wa Ploti

Niko Nairobi, yangu nilinunua Luthuli mia saba, hiyo yenye kaantena kadogo kanazunguka. lsusb ikasema 148f:7601, hiyo ni MT7601U ya MediaTek. Wasee mimi sina drama ya kuleta hapa, nilichomeka kwa Ubuntu ikashika hapo hapo nikaona waifai zote za ploti. Draiva yake iko kwa kerneli tangu 4.2, hiyo ni 2015, so hata distro (aina ya Linux) mzee inaijua.

Shida ni moja tu, ni 2.4GHz pekee na mwendo wake ni wa kawaida sana. Ukiwa kwa ploti yenye kila nyumba iko na rauta yake, jioni inakuwa pole pole kabisa. Lakini kwa mtu anaanza, hiyo ndio naweza ambia abuy.

Chumvi ya Mawe

Msee wa Ploti we ulikuwa na Ubuntu ndio maana ikashika fasta. Mimi kachipu hakohako ka 7601 nilikachomeka kwenye Debian 11 (Linux nyingine) kakagoma. Nikaangalia sudo dmesg (ujumbe wa kerneli) nikakuta kastari kanasema Direct firmware load for mt7601u.bin failed with error -2. Maana yake draiva ipo ila lile faili la femuwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe) halipo, maana Debian ya enzi hizo ilikuwa haiweki vitu visivyo huru kwenye installer ya kawaida. Nikaongeza non-free kwenye sources.list (orodha ya sehemu Debian inakoshusha programu), apt update, apt install firmware-misc-nonfree, chomoa chomeka, kazi kwisha. Kuanzia Debian 12 ya 2023 walishapiga kura wakakubali femuwea ziwemo humohumo kwenye installer kwahiyo anayeanza leo hakutani na hii.

Error -2 muikariri, ni "faili halijaonekana". Adapta yako haijafa, usiirudishe dukani kugombana na muuzaji bure.

Rudi Window

Kwani mmelazimishwa? Windows unachomeka inakubali maisha yanaendelea.

Chumvi ya Mawe

Mkuu Rudi Window laptopu yangu ina RAM 2GB, njoo uipige hiyo Windows 11 wewe mwenyewe nikuone.

Bibie wa Kisauni

Jamani mie kisa changu ni cha Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaokagua saini za mfumo na draiva) na nadhani ndicho kinachowatoa watu wengi machozi. Adapta yangu ni ya AC1200 chipu RTL8812BU, nilikuwa na Ubuntu 22.04 na kerneli ya 5.15, kaka yangu akanielekeza nishushe draiva ya GitHub (tovuti watu wanakoweka kodi za programu) niijenge mwenyewe. Kwanza ukaweke vitendea kazi:

sudo apt install build-essential dkms git linux-headers-$(uname -r)

Draiva ikajengwa vizuri haina hata kosa moja, nikafurahi, kisha kwenye modprobe 88x2bu (amri ya kuiwasha draiva) naambiwa Key was rejected by service. Yaani kompyuta inasema hii draiva siitambui saini yake. Ikiwa Secure Boot imewashwa (angalia kwa mokutil --sb-state) basi draiva yoyote uliyoijenga mwenyewe lazima ufunguo wake usajiliwe. Wakati wa kuinstoo inakuuliza utunge paswadi, unaona ni kitu cha kupita tu, halafu ukirestati inakuja skrini ya buluu imeandikwa Perform MOK management (MOK ni ufunguo wa mwenye mashine). Mie ile buluu ilinitia hofu nikaiacha ikapita yenyewe, inasubiri sekunde chache tu kisha inaondoka, nikaingia ndani bila waifai.

Ile skrini ndiyo penyewe! Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, Continue, Yes, weka ile paswadi uliyoitunga, reboot. Na ikiwa umeikosa unaiita tena kwa sudo mokutil --import pamoja na njia ya faili la ufunguo, kwa Ubuntu huwa ni /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der. Wengine huzima Secure Boot kwenye BIOS, ni sawa pia, ila laptopu yangu ni ya kazini na BIOS ina paswadi ambayo sinayo.

Kokoto la Mtoni

Bibie umemaliza. Niongezee tu kuhusu hiyo dkms, wengi wanairuka wanafanya make na make install (amri za kujenga na kuweka draiva) peke yake, inafanya kazi wiki mbili tatu, halafu Ubuntu inajiapudeti kerneli usiku asubuhi waifai hakuna, mtu anasema adapta imeungua. Haijaungua, draiva ilijengwa kwa kerneli ya jana. dkms ndiyo inayoijenga upya kila kerneli mpya ikiingia. Na kabla hujaclone chochote GitHub tizama mara ya mwisho kaguswa lini, ukikuta ya 2019 achana nayo, haitajengeka kwenye kerneli za sasa itakutapikia makosa mpaka ukate tamaa.

Ticha Mabogini

Mimi ni mwalimu, shule tulipewa desktopu za msaada hazina waifai wala hatuna pesa ya kutandaza kebo, tukaamua adapta za USB, moja kila mashine. Tukanunua zote duka moja, boksi moja, rangi moja. Tukapiga Lubuntu zote kwa fleshi ileile. Nusu zikashika nusu zikakataa! Wenzangu wakaanza kusema zile desktopu zilizokataa mbovu, tukabadilishana adapta, tatizo likahama na adapta. lsusb kwenye kila moja ndio ikatoa jibu, nyingine zina 148f:7601 nyingine 0bda:8179, yaani kiwanda kinabandika chipu iliyopatikana siku hiyo na boksi linabaki lilelile.

Ndio maana nasisitiza msiulizane "umenunua ya kampuni gani", ulizaneni namba. Hata kampuni kubwa zipo hivo, TP-Link TL-WN722N toleo la kwanza lilikuwa na Atheros AR9271, toleo la pili likaja na Realtek RTL8188EUS, jina halikubadilika, toleo limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye stika ya nyuma.

Hizo 8179 kwa kerneli mpya zinashughulikiwa na rtl8xxxu, tulipopiga toleo jipya la Lubuntu zikaamka zote bila kujenga kitu. Ila kuna mashine mbili nyuma ya darasa zikawa zinakatakata. Hapo sikuwa na mawazo kabisa mpaka kijana mmoja wa form three akasema mwalimu tuzitoe nyuma ya kava la chuma, tukaweka kawaya ka USB ka kurefushia adapta ikaning'inia juu ya meza, ikatulia. Baadaye nikasoma kwamba hata poti za USB 3.0 zenyewe (zile za buluu) zinatoa kelele kwenye masafa ya 2.4GHz, Intel waliandika kuhusu hilo 2012, kwahiyo kadude kadogo kalikong'ang'ana pembeni ya fleshi ya USB 3 kana haki ya kulia. Mwenye waya wa kurefushia ajaribu kabla hajalaumu draiva.

Hacker wa Mbagala

Wakuu mimi nina Kali (Linux ya kupima usalama) ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza) na hainionyeshi waifai hata moja, nimeweka draiva zote za GitHub bado, inaonyesha eth0 tu.

Kokoto la Mtoni

Hiyo ni kawaida mkuu, acha kuweka madraiva. VirtualBox inampa Kali mtandao wa kebo wa kuigiza, hata kama laptopu yako iko kwenye waifai yeye anajua ni waya. Ukitaka aione adapta yenyewe lazima umkabidhi, menyu ya Devices, USB, weka tiki kwenye adapta. Kama laptopu nayo ni Linux ujiongeze kwenye grupu la vboxusers kwanza, logout, rudi. Na hiyo AR9271 aliyoitaja ticha ndio wanayoipenda watu wa monitor mode (adapta kusikiliza mawasiliano yote ya waifai yanayopita hewani), ila jaribia rauta yako mwenyewe, ya jirani ni kesi.

Hacker wa Mbagala

Imekubali 🙌 sijui nikushukuruje

Msee wa Ploti

Badilisha hiyo username kwanza.

Ngalawa Pweke

Kitu kingine hakijasemwa, kuna wakati adapta inaonekana, majina ya waifai yanaonekana, unaweka paswadi inazunguka weee inakataa, paswadi unajua ni sahihi. Yangu ilikuwa hivo, sababu NetworkManager (programu ya Linux inayosimamia mitandao) inabadilisha namba ya MAC (kitambulisho cha adapta) wakati wa kutafuta mitandao na adapta nyingine hazipendi. Nikatengeneza faili kwenye /etc/NetworkManager/conf.d/ ndani nikaandika

[device]
wifi.scan-rand-mac-address=no

nikarestati NetworkManager ikaingia. Lakini kabla ya hapo piga rfkill list (inaonyesha kama waifai imezimwa), usije ukahangaika kumbe imefungwa tu, ikisema Soft blocked yes basi sudo rfkill unblock wifi.

Mgeni Kijijini

Shikamooni wakubwa, nimesoma yote. Nimepiga lsusb yangu imetoa 0bda:b812. Nifanyeje?

Bibie wa Kisauni

Marahaba. Hiyo ni 8812BU kama yangu, usipite njia niliyopita mie. Piga uname -r (inaonyesha namba ya kerneli) utuambie.

Mgeni Kijijini

5.15 halafu mbele kuna manamba mengi. Ni Ubuntu 22.04

Bibie wa Kisauni

Basi usijenge chochote. Chomeka simu, USB tethering, kisha sudo apt update, ikimaliza sudo apt install linux-generic-hwe-22.04, itakuletea kerneli ya juu ya 6.2 na draiva imo ndani tayari imesainiwa, Secure Boot haitakusumbua. Ukimaliza restati.

Mgeni Kijijini

Inashuka sa hivi imefika asilimia 40. Bando likikata hapa ntapotea mpaka jioni msione kimya